Usimwulize, Mpime

Narudia, na nitarudia tena: mgonjwa mwenye uvimbe kwenye ubongo wa kulia, juu ya sikio kuelekea kisogoni, usimwulize kama mkono wake wa kushoto una shida. Huenda akasema hauna. Hadanganyi, wala si mkaidi. Sehemu iliyoshambuliwa ndiyo yenye kazi ya kumjulisha kwamba mkono upo na uko wapi. Joseph Babinski, daktari wa neva wa Ufaransa, aliipa hali hiyo jina mwaka 1914: anosognosia, yaani kutojua kwamba unaumwa.

Basi mpime. Keti mbele yake, afumbe macho, mikono juu ya mapaja, viganja chini. Mguse kwa ncha ya kidole mkono wa kushoto tu, atasema kushoto. Gusa wa kulia, atasema kulia. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba hisia ni nzuri. Hapana! Sasa gusa yote miwili kwa wakati mmoja, kwa uzito uleule. Atajibu: "Kulia." Rudia mara kadhaa, ukichanganya mpangilio asikisie. Kidole chako kimoja kikitangulia, jaribio hilo halihesabiki. Akiukosa wa kushoto kila unapogusa yote miwili, ujue taarifa inafika, ila inapokuja pamoja na ya kulia inamezwa.

Mtaniambia hayo ni ya kiharusi. Kiharusi huja ghafla, kila mtu akashtuka. Uvimbe mwingi hukua taratibu, ubongo ukajipangapanga upya, na dalili zikawa ndogondogo: bega la kushoto linagonga fremu ya mlango, ndevu za upande mmoja zimebaki, mkono mmoja haukuvishwa shati. Nyumbani wanaita uzembe. Wachache hufika kusema, "Mkono huu si wangu." Msibishane naye; uleteni mbele ya macho yake, upande wa kulia, auone ulivyoungana na bega.

Kwa haraka sasa. Ganzi inayoanzia kidole gumba na kurukia mdomoni kwa sekunde chache yaweza kuwa kifafa: kwenye ramani ya Penfield na Boldrey ya 1937, inayoonyesha kila kiungo kinahudumiwa na sehemu gani ya ubongo, gumba na uso ni majirani. Mguu umechorwa katikati, ubongo wa kulia na wa kushoto unapokutana, kwa hiyo uvimbe wa hapo hudhaniwa ugonjwa wa mgongo. Na deksamethasoni, dawa ya steroidi, ikirudisha hisia ndani ya siku mbili tatu, maji yanayouzunguka uvimbe ndiyo yaliyopungua. Uvimbe wenyewe bado upo, msiahirishe tarehe ya upasuaji.