Begi Hufia kwa Zipu

Kamau: Haya, karibuni tena wasikizaji, mimi ni Kamau, tuko hapa Umoja kama kawaida, mkisikia kitu inagonga-gonga hiyo ni mvua kwa mabati ya jirani, dirisha tumejaribu kufunga imekataa. Niko na mwenzangu...

Nekesa: Nekesa. Nimerudi Marsabit juzi, bado nina vumbi kwa masikio.

Kamau: Na leo mezani kuna begi mbili za safari, zile laini ndefu wanaita dafeli. Moja ya Nekesa, moja yangu. Yangu ni marehemu.

Nekesa: Pole kwa msiba. Ebu waambie ilikufaje.

Kamau: Aki usinikumbushe. Nilikua naenda Kisumu kupiga picha za harusi, basi ya usiku, begi nimeijaza mpaka nikaikalia ndio zipu ifunge. Kufika asubuhi makanga anafungua buti, anatoa magunia, anatoa godoro ya mtu, halafu naona mama mmoja ameshika boksa yangu na vidole viwili, ilikua imelala juu ya gunia lake la vitunguu, ananiuliza, "Kijana, hii ni yako?" Watu wote wananiangalia. Kumbe zipu imefunguka katikati na kichwa chake bado kiko mwisho kule, kimefunga vizuri kabisa, hata sikuelewa.

Nekesa: Na ulisema ni yako?

Kamau: Nilisema sijawahi kuiona.

Nekesa: (anacheka) Sasa hiyo ya kufunguka katikati ndio tuanze nayo, juu watu wengi hufikiria meno yameisha wanatupa begi. Meno mara nyingi hayana shida. Kinachoisha ni kichwa. Kile kichuma kiko na kuta mbili, kazi yake ni kufinya meno ya huku na ya huku yaingiane, sasa kikipita mara elfu na mchanga ndani kinalika, kuta zinaachana kidogo, kinateleza sawa tu lakini hakifinyi. Lete hiyo maiti. Uko na plaisi?

Kamau: Niko nayo, ya waya za maiki.

Nekesa: Rudisha kichwa mpaka mwanzo. Sasa finya ukuta wa kushoto, kidogo tu. Kidogo Kamau, si nati ya gari! Haya, na wa kulia. Vuta polepole.

Kamau: Eh! Imeshika. Wasee imeshika! Na nilishaanza kutafuta ingine.

Nekesa: Itashika kwa muda, chuma ishachoka hiyo, lakini unapeleka kwa fundi wa viatu anakuwekea kichwa kipya, pesa ni ya chai tu. Geuza hicho kichwa nyuma, kuna namba gani?

Kamau: Tano.

Nekesa: Basi hapo ndio shida ilianzia. Hiyo namba ni karibu upana wa meno yakishafungana, kwa milimita. Tano ni ya jaketi, ya mfuko wa pembeni. Mdomo wa begi ya kubeba kilo ishirini nataka uwe na nane, ama kumi kama hii yangu, ona vile ni nene.

Kamau: Na yako imeandikwa YKK.

Nekesa: Wajapani hao, zipu wameanza 1934. Ni nzuri lakini usinunue herufi tatu, feki zimejaa. We vuta zipu kwa kona. Mdomo wa begi nyingi unazunguka kama U, na kwa ile kona ndio zipu mbaya inajionyesha, inakwaruza, inasita, unailazimisha. Na mi napenda ile meno yake ni uzi wa nailoni umejikunja kama springi, inapinda bila shida, hata ikiachana unarudisha kichwa nyuma unafunga tena. Yale meno makubwa ya plastiki, moja moja, hayaogopi vumbi sana, nakubali, lakini jino moja ling'oke uko porini umeisha.

Kamau: Na ya chuma?

Nekesa: Kaa nayo Mombasa na ile chumvi miaka miwili halafu uniambie.

Kamau: Sawa, tuje kwa kitambaa, juu hapo ndio wauzaji hutuongelesha. Yangu iko na lebo, "600D". Yule jamaa aliniambia hiyo ni ya jeshi.

Nekesa: Jeshi gani! Hiyo D ni denia, ni uzito wa uzi. Unachukua uzi mita 9,000, unapima, gramu zake ndio denia. Kwa hivo 600 inamaanisha uzi ulikua gramu 600 kwa huo urefu, ni unene tu, haikuambii kama ni poliesta ama nailoni, haikuambii imefumwa karibu ama imeachana. Nailoni 1,000 ya Cordura, hilo ni jina la biashara la kitambaa kigumu, hiyo ukiiburuta kwa lami inayoumia ni lami. Iko na ile nailoni ingine ya 1,050, hiyo ndio unaweza kusema ina damu ya jeshi, ilitengenezwa vita ya pili ya dunia kwa makoti ya kuzuia vipande vya mabomu, na leo inabeba soksi.

Kamau: Kwa hivo 600 ni takataka.

Nekesa: Sijasema hivo! Poliesta 600 iliyofumwa vizuri inakaa miaka. Na tena kama begi yako husafiria keria, juu ya basi, jua saa nane mpaka jioni, poliesta huvumilia jua kuliko nailoni. Mi nakwambia hivi, miaka yote nimezunguka na mambo ya visima, Kitui, Marsabit, Turkana, sijawahi ona begi imekufa kwa kitambaa katikati. Huwa inakufia kwa zipu, ama pale mkono umeshonewa, ama kona ya chini. Kitambaa kinabaki kizima kinakuangalia.

Kamau: Ebu tuzigeuze basi. Wasikizaji, tunazigeuza ndani nje, Nekesa anatikisa yake na imetoa... ni nini hii, mchanga?

Nekesa: Wa jangwa la Chalbi, huko Marsabit. Usiguse. Angalia yako hapa, mkono umeishia wapi?

Kamau: Umeingia kwa huu mshono wa juu, kando ya zipu.

Nekesa: Umeingizwa sentimita mbili ukashonwa mstari mmoja. Kilo zote zimening'inia kwa huo mstari, na uzi ushaanza kukatika, hesabu, moja, mbili, tatu, na hapa kitambaa kimeanza kuchanika kama karatasi ya kuandikia. Sasa yangu. Fuata huu mkanda na kidole.

Kamau: Unashuka... unapita chini ya begi... unapanda upande ule mwingine. Ni mkanda mmoja!

Nekesa: Moja mzima, umeikumbatia begi kama leso na mtoto. Mzigo unakaa kwa mkanda, hauning'inii kwa kitambaa. Na pale mkono unaachana na begi kuna hiki kiboksi kimeshonwa, na ndani yake msalaba umelala, X. Hicho kiboksi ukikosa kuona, rudisha begi kwa rafu.

Kamau: Na hizi nywele-nywele ndani ya yangu?

Nekesa: Ncha za kitambaa, hazikufunikwa na utepe. Zinafumuka kila safari, siku moja mshono unakosa pa kushika. Na huu unga mweupe kwa mikono yako ni rangi ya ndani ya kuzuia maji, imeanza kubambuka. Unyevu ndio huila hiyo, kama ulikua unaiweka chini ya kitanda ikiwa bado na mvua.

Kamau: Nilikua naiweka bafuni.

Nekesa: Bafuni! Kamau, jameni.

Kamau: Haya nisaidie na hii hesabu basi. Yangu nilinunua 1,500. Zile kali madukani unaambiwa elfu kumi na tano, ishirini. Si ninunue yangu kila mwaka miaka kumi na bado niko sawa?

Nekesa: Umehesabu boksa? (kicheko) Hapana, hesabu yako iko sawa kama unasafiri Krismasi tu kuona shosho. Mtu wa safari mbili kwa mwezi hiyo ya 1,500 haifiki mwaka, inafika Nakuru. Lakini hata mimi sikununua dukani. Hii niliokota Gikomba, asubuhi wakifungua mzigo, alianza 4,000 tukaachana 2,300, na ilikua bado na kikaratasi cha ndege cha watu wa Ulaya kwa mkono.

Kamau: Mitumba, na unaisifu hivi?

Nekesa: Ndio maana naisifu! Begi mpya unanunua ahadi. Hii ilishatupwa na kuburutwa huko kwao miaka na ilikua bado inafunga. Unanusa ndani, unapitisha kidole, ikikunatia kama peremende imelambwa hiyo rangi imeoza, achana nayo. Unavuta zipu zote, unashika mikono yote miwili unaikanyaga na mguu kabisa unavuta juu.

Kamau: Unaikanyaga mbele ya muuzaji?

Nekesa: Kama ni nzuri hatasema kitu.

Kamau: Na turubai? Kuna mafundi hapa Nairobi wanashona za turubai na ngozi, zinapendeza sana.

Nekesa: Zinapendeza, na fundi yeyote anaweza kuzishona tena, hilo mi huheshimu. Lakini ni nzito tupu kabla hujaweka kitu, na ikinyeshewa ikafungiwa kwa buti inaota ukungu. Ya wikendi Naivasha sawa.

Kamau: Magurudumu?

Nekesa: Wapi, hizi barabara? Gurudumu ni la watu wa vigae. Kuna siku pale stesheni ya treni ya SGR, Syokimau, si unajua wanakuambia upange begi chini kwa laini, msimame nyuma, mbwa wapite wakinusa, sasa jamaa mmoja yake ilikua na gurudumu mbili, moja limevunjika, kila akiisimamisha inaanguka kwa mbwa. Mbwa anaruka, inasimamishwa, inaanguka. Mi nataka mikanda ya kuvaa mgongoni, naruka kwa boda nikiwa na mikono yote.

Kamau: Mi nitaongeza ya ndege hapo, nilienda kazi ya kupiga picha Mara kutoka Wilson, ndege ndogo za safari. Wanakwambia kilo 15, na begi iwe laini, sio sanduku gumu. Nilidhani ni madaha, mpaka nikaona wanapakia. Mizigo inaingia kwa tumbo la ndege, kishimo kama cha kabati la chini jikoni, jamaa anafinya begi anapindisha anasukuma na goti. Sanduku haliingii hapo hata uombe.

Nekesa: Na kilo 15 ukitoa begi yenyewe kilo nne ya magurudumu na vyuma, umebakiwa na nini? Hii yangu haifiki moja na nusu.

Kamau: Ukubwa je, lita ngapi?

Nekesa: Hii ni 60. Wiki mbili, na buti za kazi ndani. 40 ukiwa mtu wa siku tatu, na nyingi za hizo unaingia nazo ndani ya ndege. Mi siwezi shauri mtu anunue 90, utaijaza tu, begi kubwa haikosi cha kubeba, halafu hata zipu ya kumi inaanza kulia.

Kamau: Kuna msikizaji ametuma vois ameuliza mbona tusitumie zile za mistari, wanaita za Nigeria.

Nekesa: Na huko Nigeria zinaitwa Ghana Must Go, tangu 1983 waliposema Waghana warudi kwao, watu wakafunga vitu na hizo. Kila nchi inasukumia jirani, hakuna anataka kuwa mwenyewe! Mi ninayo, ya kupeleka vitu ushago. Safari moja, kurudi unaweka mahindi.

Kamau: Haya mi nimeamua. Kesho huyu marehemu anaenda kwa fundi, kichwa cha zipu, na ashone kiboksi na X kwa mikono.

Nekesa: Mwambie apitishe mkanda mpya chini kabisa, uzi wa nailoni ule wa viatu, mara mbili. Bafuni isirudi.

Kamau: Shida ni Ijumaa niko na safari ya Lodwar, na fundi wangu akisema kesho ni Jumatano ijayo. Hii yako si iko tu?

Nekesa: Hapana.

Kamau: Siku tatu Nekesa, nitairudisha ata na mchanga wake.

Nekesa: Acha kamera hapa mezani, uchukue begi.

Kamau: Sasa nitaenda Lodwar kufanya nini bila kamera?