Pima presha kwanza, skrubu baadae

Wazee wangu shikamooni, na nyie wengine mambo. Asanteni kwa kuja na foleni hii, waliotoka Mbezi najua roho zao zimebaki Ubungo. Hapo nje nimeona Benzi W123 mbili, moja inatoa moshi mweusi, mwenyewe yupo humu simtaji.

Leo ni presha ya mafuta kwenye K-Jetronic ya Bosch, mfumo wa kunyunyizia petroli kwenye injini, imeanza 1973, ndo iko kwenye Benzi 230E na 280E. Haina kompyuta. Hewa inainua sahani, sahani inasukuma planja (kifimbo kinachopimia mafuta) ndani ya distribyuta (ya mafuta jamani, siyo ya plagi), na juu ya planja kuna presha nyingine inaikandamiza. Hiyo ndo presha ya kontroli. Ikiwa ndogo planja inapanda kirahisi, mafuta yanamwagika, moshi. Ikiwa kubwa gari inakauka, mafuta yanakuwa kidogo, asubuhi unapiga stata mpaka betri inalia.

Sasa fundi akisikia gari inamisi anakimbilia skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, nilishawahi kuzungusha skrubu, nikabadilisha plagi, nikamnunulisha mteja pampu, kumbe waya wa regyuleta (ndo inayopanga presha ya kontroli, inapashwa joto na umeme) ulikatika, haipati umeme, presha ya kontroli imebaki chini. Pampu yake ya zamani ilikuwa nzima bana.

Geji iwe inafika bar 7 au zaidi, na mpira unaovumilia petroli. Unaifunga kwenye bomba linalotoka distribyuta kwenda regyuleta, na valvu yake ikae upande wa regyuleta, ukigeuza utasoma uongo siku nzima. Gari iwe imelala usiku. Chomoa plagi ya umeme ya regyuleta, toa relei ya pampu, unga tundu la 30 na 87 kwa waya, pampu iungurume injini imezimwa. Valvu ikifungwa unasoma presha ya mfumo, yaani ile ya pampu, inacheza kwenye bar 5 hivi, namba kamili ipo kwenye kitabu cha gari yako. Ukifungua unasoma kontroli ya baridi, na hapa Dar inatuchanganya maana inafuata joto, ukishika namba ya nyuzi 20 wakati sisi saa moja asubuhi tushavuka 25, utarekebisha kitu ambacho hakina ubovu. Rudisha plagi, ndani ya dakika chache sindano ya geji ipande mpaka bar 3.5 hivi. Haipandi? Pima volti kwanza.

Kuseti presha ya mfumo ni kwa washa (washer) nyembamba ndani ya valvu ya distribyuta, ukiongeza unene inapanda. Ya kontroli watu wanagonga kipini cha regyuleta na nyundo, inashuka kweli, ila ukizidisha, kukirudisha mpaka uifungue regyuleta yote.

Eeh, swali la mama kule nyuma, gari ikipaki Kariakoo nusu saa juani haiwaki. Mama hiyo ni presha ya kubaki, ile inayobaki kwenye mabomba ukizima gari. Zima pampu uangalie geji dakika 10, ikidondoka mpaka sifuri petroli inachemka kwenye bomba, inageuka mvuke. Anza na valvu ya pampu na akyumuleta (kopo linaloshikilia presha pampu ikizimwa), zote ziko chini kule nyuma ya gari.

Haya twendeni nje tuifunge geji kwenye ile ya moshi. Sigara zibaki humu, mtungi wa zimamoto nashika mimi.