Unaweza Kunificha Uso Wako?

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa nje barazani, nashukuru mmekuja usiku huu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kumsamehe aliyemuua mtu wako. Mada hii imo nyumbani kwetu. Kaka yangu alikatwa panga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, mikorosho minne tu. Siku ya tatu, matanga hayajaondolewa, wakaja wazee saba kumwambia mama: "Aliyekufa hafufuki, haya yamalizwe kifamilia." Mama alikuwa mkekani, kashika kofia ya mwanawe, aliyomshonea kwa mkono wake, anapitisha kidole kwenye tundu moja hadi jingine. Akawajibu bila kuinua macho: "Sijamaliza kulia, nyie mwataka nimalize kesi?"

Mmoja wao akamwambia asiposamehe, basi na yeye Mungu hatamsamehe. Neno lile lilimkosesha mama yangu usingizi kwa miezi, na si kweli.

Someni Kur'ani, Sura ya 17, aya ya 33. Mwenyezi Mungu anasema aliyeuawa kwa dhulma, mrithi wake amepewa mamlaka. Mrithi, si jirani, wala si mwenyekiti wa kitongoji. Sura ya 2, aya ya 178 inaweka kisasi, kisha inafungua mlango wa kusamehe na kupokea diya, yaani fidia ya damu. Na hapo hapo aya inamwita mfiwa "ndugu" wa muuaji. Ndugu! Nimeisoma mara nyingi, na kila mara hunichoma. Lakini mlango ukifunguliwa, mtu huingia kwa miguu yake, hasukumwi mgongoni. Sisi Mashafii, watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, tunasoma pia kwamba kama kati ya warithi yumo mtoto mdogo, muuaji huwekwa kizuizini mpaka mtoto abaleghe, ndipo aulizwe anataka nini. Kaka aliacha mtoto wa miaka minne. Sheria ingemngoja mtoto yule miaka na miaka, wazee wetu hawakumngoja mama hata arobaini ifike.

Najua, kwetu hapa kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, familia haiwezi kuifuta. Wale wazee nao walijua. Walichotaka ni mashahidi wasifike mahakamani. Kuficha ushahidi Kur'ani imekukataza, na kulipa jambo hilo jina la msamaha hakulibadilishi.

Sasa nije kwa Wahshi, maana kwake ndiko nilikopata pumzi.

Wahshi bin Harb alikuwa mtumwa wa Kihabeshi huko Makka. Bwana wake, Jubayr bin Mut'im, alifiwa na ami yake, aliyeuawa na Hamza vitani Badr, akamwambia: muue Hamza, uwe huru. Siku ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Wahshi alijibanza nyuma ya jiwe, akarusha mkuki wake, ukampata Hamza chini ya kitovu. Maiti ikakatwakatwa. Hamza alikuwa ami yake Mtume, tena ndugu yake wa kunyonya. Mtume aliporudi Madina na kuwasikia wanawake wa Kiansari wakiwalilia wafu wao, alisema: "Lakini Hamza hana wa kumlilia." Mtume wa Mungu alisema hivyo, basi mtu asimkataze mfiwa kulia.

Miaka ikapita. Makka ikaingia mikononi mwa Waislamu, Wahshi akakimbilia Taif, kisha akaja Madina mwenyewe, kasilimu. Kisa kimo katika Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume. Mtume akamuuliza: "Wewe ndiye Wahshi?" Ndiye. "Wewe ndiye uliyemuua Hamza?" Akajibu kwamba mambo yalikuwa kama yalivyomfikia. Hakuguswa, uislamu wake ulikubaliwa, damu ile ikaachwa. Kisha Mtume akamwambia: "Unaweza kunificha uso wako?"

Wahshi akaondoka, na Mtume alipofariki akaenda vita vya Yamama, akampiga Musaylima, yule aliyejidai utume, kwa mkuki.

Mimi nimelishika lile swali. Mbora wa viumbe alisamehe, na bado kuuona uso ule kulimuuma, naye hakuona haya kulisema. Basi mfiwa anayesema "nimesamehe, ila tusikutane" asiitwe mnafiki.

Na tazameni jambo la pili: Wahshi alikuja mwenyewe, na alipoulizwa hakukana. Jirani zetu wa Rwanda walilijua hili. Katika gacaca, mahakama zaidi ya 12,000 za vijijini zilizohukumu mauaji ya kimbari ya 1994 na kufungwa mwaka 2012, wafiwa wengi kabla ya neno msamaha walitaka kuonyeshwa miili ilitupwa wapi. Utamsameheje mtu kwa jambo ambalo hajakwambia amelifanya?

Yule wa kwetu alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Alipotoka alikuja mchana mmoja, peke yake, akasimama nje ya ua. Mama alikuwa na ungo, anachagua mchele. Akasema: "Mama, ni mimi. Nilimkata mimi." Mama akamuuliza kitu kimoja tu, kama mwanawe alisema neno kabla hajafa. Akajibu: "Aliomba maji. Sikumpa."

Mama alinyamaza muda mrefu, mkono umo ndani ya mchele. Kisha akasema: "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Njia hii usipite tena." Mama yangu hajui kusoma, na kisa cha Wahshi hajawahi kukisikia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Yule muuaji aliponigeukia akasema, "Na wewe, ndugu yangu?" Nikaingia ndani. Ni mwaka wa nne huu, na bado sijamjibu.