Programu Inagoma kwa Mashine ya Mteja? Ijenge Ndani ya Ubuntu ya Zamani

Niaje wasee, leo ni terminali tu na chai yangu hapa kando. Mnajua mimi huuza programu ya mauzo ya duka. Wateja wengi wako Luthuli na River Road hapa Nairobi, na kompyuta zao ni zile za ex-UK, ziko na Linux ya Ubuntu 20.04, haijaguswa tangu iwekwe. Mimi niko kwa 22.04, hapa kwangu inapiga kazi sawa, nampelekea na flashi halafu inatoka hii, ngoja nivute karibu:

version `GLIBC_2.34' not found

Keneli, ule moyo wa Linux, haina makosa hapo. Shida ni glibc, maktaba ya C ambayo karibu kila programu inaiegemea. 20.04 iko na 2.31, 22.04 iko na 2.35. Programu iliyojengwa kwa glibc ya zamani huenda kwa mpya bila noma, lakini ukiirudisha nyuma inaitisha vitu havijazaliwa huko. Toleo la 2.34, la 2021, lilimeza maktaba ya pthread, ile ya kufanya kazi kadhaa kwa pamoja, na __libc_start_main, ile inayoita main yako, ikapewa namba mpya, so hata kaprogramu ka kusema "sasa" tu kanadai 2.34.

Na tafadhali, USIKOPI libc.so.6 ya kwako ukabandika kwa mashine ya mteja. Usikopi. Mimi nilifanya, Jumamosi, duka limejaa, nikabonyeza enta, ls ikakufa, cp ikakufa, sudo ya kurudisha nayo ikakufa, juu zote zinakula kwa hiyo faili moja. Nilimaliza jioni na flashi ya kubuti huku mwenye duka akiandika risiti kwa kalamu. Usikopi!

Haya, tukague programu yangu, faili inaitwa duka, inataka glibc gani:

objdump -T duka | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -u | tail -1

Imesema 2.4! Si hiyo ni ya zamani sana, tuko sa... aai, zii, ngoja. Nimesahau V. Bila V inapanga kama maneno, kwa hivyo 2.4 inakaa chini ya 2.34. Weka sort -Vu. Sasa mnaona, 2.34. V kubwa, msinifuate nikikosea.

Dawa ni kuijenga ndani ya 20.04 kwa Docker, ile ya kuendesha Ubuntu nyingine ndani ya yako. Docker mshaweka, siwapotezei muda. Ukiwa kwa folda ya kazi:

docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi -w /kazi ubuntu:20.04 bash

Ndani fanya apt update, apt install build-essential, make clean halafu make. Ukiruka make clean itakuambia kila kitu kiko sawa na haijajenga chochote, zile faili za .o, vipande vilivyokompailiwa, ni za jana.

Kagua tena... 2.14, hiyo ni memcpy, ile ya kunakili data kwa memori. Safi. Hii mashine hapa nyuma ni ya mteja, nimeiazima, nabonyeza... inafunguka, na printa hiyo inalia.

Kitu kingine, kama unatumia OpenSSL, maktaba ya kuficha mawasiliano, hii njia itakugeuka: 20.04 ina libssl.so.1.1, 22.04 imekuja na 3, so ile ya zamani itakosa faili kwa mashine mpya. Mimi hiyo huiunganisha ndani kabisa, static, faili inanenepa lakini nalala. Anayetaka programu ya duka anitext, demo ni bure, na chai imepoa.