Ukiumia kazini Ujerumani nani analipa? Na kazi ikikuelemea akili je?

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo najibu swali ambalo limejaa kwenye komenti kiasi kwamba nimeacha kujibu mmoja mmoja: "Huko Ujerumani ni kweli ukiumia kazini unatibiwa bure na mshahara unaendelea? Na ni kweli mtu akisema kazi imemwelemea anasikilizwa?" Nikijibu ndiyo, nitaambiwa naringa. Nikianza kueleza karatasi zake, nitaambiwa kama pamenishinda nirudi. Semeni tu. Naongea hasa na wanaokuja kwa uuguzi na ulezi wa wazee, maana tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji Septemba 2024, hao ndio wengi kwenye inboksi. Mambo ya viza na cheti cha lugha mmeshayasikia mpaka yamewachosha, leo siyagusi. Na nitakayosema ni sheria ilivyo kwa ujumla. Mkataba wako ni wako, usome.

Msingi ni sheria ya usalama kazini ya mwaka 1996, iliyotokana na agizo la Umoja wa Ulaya la 1989. Ndiyo maana hata aliye Italia au Denmark atakuta utaratibu unaofanana, ofisi tu ndizo tofauti. Kila mwajiri, awe na watu elfu moja au mmoja, lazima achunguze kila kazi ina hatari gani, aandike, aweke hatua za kuzuia, kisha arudi kuangalia kama zimesaidia. Tathmini hiyo inaitwa Gefährdungsbeurteilung. Shikeni jina hilo, mtalihitaji. Na hatua zina mpangilio wake: kwanza uondoe hatari yenyewe, ikishindikana uweke mashine au kifaa, halafu upange kazi upya, na mwisho kabisa ndipo umpe mtu glavu umwambie ajihadhari.

Chukueni kumhamisha mzee kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Kwenye karatasi kila kitu kipo: kitanda kinachopanda na kushuka, shuka la kuteleza, mashine ya kuinulia, na mafunzo yanayorudiwa angalau mara moja kwa mwaka, ambayo unayatilia saini. Sasa nenda kwenye korido saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mashine ipo, betri haikuchajiwa. Kitambaa cha kubebea kipo cha saizi moja, na mgonjwa ana kilo 110. Zamu ni ya watu watatu, wamekuja wawili. Unamnyanyua kwa mgongo wako kwa sababu kengele inalia chumba cha pili. Hapo ndipo migongo inapoharibika, na ukiumia swali la kwanza ni kwa nini hukutumia mashine, ilhali saini yako ya mafunzo ipo. Kwa hiyo betri ikiwa imekufa, iandike siku hiyo hiyo kwenye taarifa ya hitilafu. Kumwambia tu mwenzako jikoni hakuhesabiki.

Tuje kwenye hela, najua ndiko mliko. Tazama karatasi ya mshahara: utaona makato ya bima ya afya, ya kutunzwa usipojiweza, ya uzeeni na ya ukosefu wa kazi. Bima ya ajali kazini huioni, kwa sababu mchango wote anautoa mwajiri. Unapelekwa kwa chombo kinachoitwa Berufsgenossenschaft, watu wanasema BG tu. Nyumba za wazee na hospitali za binafsi nyingi ziko chini ya BGW, yaani BG ya sekta ya afya na ustawi, yenye makao makuu Hamburg. Ajali ikiwa ya kazini, hulipi ile nyongeza ya dawa ya euro 5 hadi 10, wala euro 10 za kila siku ya kulazwa. Wiki sita za mwanzo mwajiri anaendelea kukulipa mshahara kamili. Zikiisha unalipwa fedha ya majeruhi, asilimia 80 ya mshahara kabla ya makato, ila haizidi ulichokuwa unapokea mkononi. Na kama hujamaliza wiki nne tangu uanze kazi, mwajiri halazimiki kulipa zile wiki sita, lakini fedha ya majeruhi unaipata.

Yote hayo yanategemea ulifanya nini saa moja ya kwanza. Hata kidonda kidogo kinaandikwa kwenye daftari la huduma ya kwanza: tarehe, saa, mahali, ilivyotokea, sehemu iliyoumia, nani aliona, nani alikuhudumia. Kumbukumbu hiyo inahifadhiwa miaka mitano. Leo kidole kimechunika, mwezi ujao kimeoza, na bila mstari ule hakuna anayejua kilianzia wapi. Ukihitaji matibabu, na kesho huwezi kwenda kazini, unakwenda kwa Durchgangsarzt, daktari aliyeidhinishwa na BG. Hospitali nyingi zenye idara ya majeruhi wanaye. Ukifika mapokezi, sema sentensi hii kabla ya kutoa kadi ya bima: hii ni ajali ya kazini. Wengi wetu kwa aibu au kwa lugha kuwa ndogo wanasema "nimeanguka", inaingizwa kama ugonjwa wa kawaida, halafu baada ya miezi wanahangaika kuigeuza. Ukishindwa kufanya kazi zaidi ya siku tatu, mwajiri ana siku tatu za kupeleka taarifa BG. Akichelewesha, iandikie BG mwenyewe. Inaruhusiwa.

Sindano iliyotumika ikikuchoma, usimalizie zamu kwanza. Acha damu itoke, safisha kwa dawa ya kuua vijidudu, mwambie kiongozi wa zamu, nenda kwa daktari huyo huyo muda ule ule. Damu yako inapimwa siku hiyo kwa homa ya ini B na C na VVU, ili ijulikane ulikuwa salama kabla, kisha inarudiwa kupimwa baadaye. Dawa za kuzuia VVU zikihitajika, bora zianze ndani ya saa mbili, na baada ya saa 72 haishauriwi tena kuzianza. Ukienda wiki ijayo umejinyima vyote viwili, dawa na ushahidi. Chanjo ya homa ya ini B analipia mwajiri. Daktari wa kazini anayekuchoma chanjo hiyo hampelekei mwajiri majibu yako, anampa karatasi ya kuthibitisha tu kwamba ulihudhuria.

Njiani pia unalindwa, kutoka mlango wa nje wa jengo unaloishi hadi kazini. Ukiteleza kwenye ngazi za ndani ya jengo lenu, hiyo si ajali ya kazini. Ukikatiza kwenda dukani kununua unga, ulinzi unasimama mpaka urudi kwenye njia yako. Kumpeleka mtoto shule ya chekechea ukiwa unaelekea kazini kunakubalika. Kwenda kantini kunalindwa, kula kwenyewe hakulindwi, kwa hiyo mfupa wa samaki ukikukwama ni shauri yako na samaki.

Sasa huku kwa akili, ambako ndiko mnakonishambulia. Kila nikigusa mtu anaandika, "Sisi huku tunabeba zege juani, ninyi mnalalamika msongo kwenye jengo lenye hita." Sawa. Lakini tangu 2013 sheria ya hapa inataja waziwazi kwamba tathmini ile ya hatari lazima ihusu pia mzigo wa akili. Kinachopimwa ni kazi, hawapimi moyo wako. Wanaangalia kazi ina maamuzi mangapi na hisia kiasi gani, unakatizwa mara ngapi, zamu zimepangwaje, wakubwa na wenzako wanaongea vipi, kelele, mwanga, vifaa. Mara nyingi inakuja kama dodoso lisilo na jina, au kikao cha idara.

Na hapa nina dukuduku na watu wetu. Dodoso likija, mtu anajaza "sawa, sawa, sawa" kuanzia juu hadi chini kwa kuogopa kufukuzwa, kisha anarudi chumbani kulia. Ukijaza hivyo umempa mwajiri karatasi inayosema idara yenu haina tatizo, na mwakani mtu wa tatu wa zamu haongezwi. Majibu ya kikundi kidogo sana kwa kawaida hayatolewi peke yake, ili mtu asitambulike. Kwenye maeneo ya kuandika maneno yako, usitaje tukio ambalo ni wewe tu ulikuwepo.

Zamu ikizidi watu, kuna barua inaitwa Überlastungsanzeige. Wengine wanaiogopa kama kesi ya polisi. Ni taarifa tu, na sheria inakutaka uripoti hatari unayoiona. Andika tarehe, zamu, idara, wagonjwa wangapi, wafanyakazi wangapi walipangwa na wangapi walikuja, kazi zipi hazikufanyika, hatari gani imetokana na hilo, ulimwambia nani saa ngapi. Mfano: "Wakazi 32, tumepangwa wanne, tumekuja wawili. Wakazi wanne hawakugeuzwa kati ya saa nne usiku na saa nane, hatari ya vidonda vya kulalia." Usiandike majina ya wagonjwa, utaingia kwenye kosa la siri za watu. Usiandike "nimechoka sana, hamtujali", hiyo inasomwa kama hasira. Ipeleke siku hiyo, baki na nakala, na nyingine lipe baraza la wafanyakazi. Kwenye nyumba za Caritas na Diakonie, mashirika ya makanisa, baraza hilo huitwa Mitarbeitervertretung, msilitafute kwa jina la kawaida la Betriebsrat mkakata tamaa. Barua hiyo haikuondolei wajibu wa kumhudumia mgonjwa. Ila ikitokea balaa, inaonekana nani alijua na lini.

Ratiba nayo ni afya. Kati ya zamu mbili lazima zipite saa 11. Hospitali na nyumba za wazee zinaweza kushuka hadi 10, mradi zifidie kwa kukupa saa 12 siku nyingine. Ukitoka saa tatu na nusu usiku ukapangwa saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni saa nane na nusu, na haijalishi umekubali mwenyewe. Zaidi ya saa sita za kazi una nusu saa ya mapumziko, zaidi ya tisa ni dakika 45. Na lile kundi la WhatsApp la zamu linalolia siku yako ya kupumzika, kama hukuandikwa zamu ya kusubiri simu na hakuna makubaliano ya kazini yanayokutaka, kwa kawaida hulazimiki kukubali kwenda. Kuna watakaokununia. Hilo siwezi kuwaficha.

Ukiumwa, kichwa au moyo, piga simu kabla zamu haijaanza. Tangu Januari 2023 cheti cha ugonjwa kinakwenda kwa njia ya mtandao kwa wenye bima ya umma, na watu wakadhani basi simu haina haja. Wanapata barua ya onyo kwa hilo tu. Mwajiri haoni ugonjwa ni nini, anaona tarehe. Ukiugulia likizoni Mombasa, mtandao huo haufiki: unahitaji karatasi ya daktari, na umjulishe mwajiri na bima upesi. Ukiumwa zaidi ya wiki sita ndani ya miezi 12, utapata barua ya mwaliko wa mazungumzo ya kurejea kazini, BEM. Watu wanaificha kwenye droo wakidhani ni ya kufukuzwa. Ni hiari kwenda, na hulazimiki kutaja ugonjwa. Ila ukikataa, kesi ya kufukuzwa ikija baadaye umejipunguzia silaha. Hapo ndipo unaweza kuomba kurudi kidogo kidogo, saa mbili, kisha nne, kisha sita, huku ukiendelea kuhesabiwa mgonjwa.

Kitu ambacho sitawadanganya: uchovu wa akili wa kazini haumo kwenye orodha ya magonjwa ya kazi yanayofidiwa na BG. Mwaka 2023 mahakama kuu ya masuala ya bima za jamii ilikubali kwamba mshtuko wa akili wa wahudumu wa ambulensi unaweza kutambuliwa kama ugonjwa wa kazi. Hao ni kundi mahususi. Mlezi aliyeishiwa nguvu anabaki kwenye bima ya afya ya kawaida.

Mnaouliza kuhusu kibali: likizo ya ugonjwa haifuti kibali cha kuishi. Hatari iko kwenye miezi sita ya majaribio, ambapo mkataba wa kazi unaweza kuvunjwa kwa notisi ya wiki mbili bila sababu nyingi. Ndiyo maana wapo wanaoshauri ukae kimya mpaka ipite. Siwezi kukuamulia, kwa sababu kodi ya nyumba unalipa wewe. Mafunzo ya ufundi yakikatizwa bila kosa lako, kwa kawaida unapewa hadi miezi sita utafute nafasi nyingine. Barua ya kufukuzwa ukitaka kuipinga mahakamani, una wiki tatu tangu uipokee, hazingojei umalize kulia. Ushauri wa bure kwa wafanyakazi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya upo, ulizia Faire Integration. Na ukishamwambia mwajiri kuhusu hatari asifanye kitu, unaweza kwenda kwenye ofisi ya serikali ya jimbo inayosimamia usalama kazini.

Kuna aliyeuliza kwa siri, simtaji: anafanya usafi bila kuandikishwa, akaanguka na ndoo. Dada yangu, bima ya ajali inakulinda hata kama mwajiri hakukuandikisha. Nenda kwa Durchgangsarzt, taja unapofanya kazi. Gharama BG inaweza kumdai yeye.