Wadudu Wawili: Mazungumzo Kuhusu Homa Jijini Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Mwenyekiti wa mtaa, asante kwa kunikaribisha hapa Magomeni.

Kabla sijaanza namwomba muuguzi wetu asogee. Tangu jana jioni mwili unaniuma, na leo saa tisa kipimajoto kimesoma 38.2. Ndiyo maana sikumpa mtu mkono pale mlangoni na nimesimama mbali na viti vya mbele, mniwie radhi. Sasa atanitoboa kidole, anipime malaria kwa kipimo cha haraka. Tone dogo la damu linaingia kwenye kishimo hiki, matone ya maji yake yanaingia kwenye kile kingine. Basi. Kipimo kikae hapo mezani, kila mtu akione. Kinataka dakika 20, na zikifika tutakisoma pamoja.

Nianze na neno. Mjini hapa mtu akiamka mzito, hasemi ana homa. Anasema "nina kamalaria". Bosi akiuliza mbona umechelewa, kamalaria. Mtoto hajaenda shule, kamalaria. Bibi zetu walikuwa na neno homa, na chini yake walipanga mambo mengi: homa ya vipindi, homa ya matumbo, homa ya manjano. Sisi tumeyabeba yote hayo tukayatia kwenye gunia moja. Neno likishazoeleka hivyo, hata mganga wa zahanati analisikia kabla hujamaliza kujieleza.

Nimefanya kazi ya maabara zaidi ya miaka 30. Sentensi niliyoisikia kuliko zote ni hii: "Nimepima, nimekutwa na wadudu wawili." Na mwenzake anamjibu, "Wawili si wengi, pole, mimi nilikuwa nao watano." Tukae kidogo na sentensi hii.

Kwanza, hao si wadudu. Mdudu ni mbu anayewaleta. Wao ni vimelea, viumbe vya chembe moja, na vinakaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Pili, si wawili. Fundi anapotazama kioo chini ya hadubini, anahesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Akiandika 2, maana yake ameona vimelea 2 kwa chembe nyeupe 200. Tunakadiria kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Kwa hiyo ile 2 ya kwenye karatasi ni vimelea 80 katika mikrolita moja, na mikrolita ni kidogo sana, tone moja la maji linazo kama 50. Mtu mzima ana lita 5 za damu, yaani mikrolita milioni 5. Zidisheni 80 kwa milioni 5. Ni vimelea milioni 400. Huyo ndiye mtu aliyeambiwa ana wadudu wawili, akameza vidonge siku moja, akapata nafuu, akaviacha vingine kwenye droo.

Dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara sita kwa siku tatu, mara ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu. Na unywe ukiwa umekula chakula chenye mafuta kidogo, uji wa maziwa au wa karanga, kwa sababu moja ya dawa mbili zilizomo, lumefantrini, bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Hili kwenye dirisha la dawa mara nyingi halisemwi.

Lakini kuna upande wa pili wa wale wadudu wawili, na huu unaniuma kuusema. Mara nyingi sana hawakuwepo kabisa.

Mwaka 1998 nilikuwa kijana katika zahanati moja ya jiji hili. Aliletwa mtoto wa miaka minne hivi, anachemka. Nikachukua damu, nikatandaza tone nene, nikaacha likauke, nikalitia rangi ya Giemsa. Kioo kikitoka vizuri, viini vya chembe nyeupe vinaonekana vya zambarau iliyokolea, na kimelea ni kama kipete chembamba cha buluu chenye kito chekundu. Nilitazama sehemu 100 za kioo kile, moja baada ya nyingine. Hakukuwa na kipete hata kimoja. Nikaandika hakuna. Mganga akanirudishia cheti: mtoto anaungua, wewe unasema hana kitu? Tazama tena. Nikatazama tena. Kulikuwa na punje za rangi, vumbi la kioo. Nikaandika 1.

Mama akapewa klorokwini, akashukuru, akaondoka. Baada ya siku mbili alirudi na mtoto anapumua kwa shida, mbavu zinazama ndani kila akivuta pumzi. Ilikuwa nimonia. Alipelekwa hospitali kubwa akalazwa muda mrefu, akapona. Mimi ile namba 1 niliyoiandika sijaisahau. Haikumdanganya mganga peke yake. Ilifunga mlango wa kutafuta ugonjwa wenyewe.

Mnadhani lilikuwa jambo la zahanati yangu tu? Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali walipopimwa kwa uangalifu, waliokuwa na vimelea kweli walikuwa chini ya nusu. Mwaka 2014 ukatoka mwingine, na huu ni wetu hasa, maana watoto wake walitoka kliniki ya hapa Dar es Salaam na ya Ifakara, wakapimwa mwaka 2008. Watoto 1,005, wote wana homa, wote wamekuja kutibiwa na kurudi nyumbani. Walipimwa kila kinachopimika. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya hewa, yaani kifua, mafua na koo, yalikuwa asilimia 62.2. Homa ya matumbo, hii tunayoiita taifodi, asilimia 3.7. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, asilimia 5.9. Na ukichukua watoto wote hao, saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao hauponywi na dawa ya malaria wala antibayotiki.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Mzee wangu, nakuelewa. Ulifundishwa kwamba homa ni malaria. Na aliyekufundisha ni sisi.

Hapa ndipo ningependa wenzangu wa sekta ya afya wanisikie kuliko wananchi. Tunapenda kusema watu hawana elimu. Si kweli. Katika miaka ya 1990 mwongozo wenyewe wa Shirika la Afya Duniani ulituelekeza hivi: mahali penye malaria nyingi, mtoto mdogo akiwa na homa, mpe dawa ya malaria. Na ulikuwa na sababu nzuri. Maabara zilikuwa chache, malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili, na klorokwini ilikuwa bei ya chini. Tukaupigia mbiu redioni, kwenye mabango, kliniki ya wajawazito, mpaka ukaingia.

Kisha mambo yakabadilika. Vyandarua vyenye dawa vikaenea, dawa mseto ikaja, mji ukajengwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2007/08, watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria walikuwa asilimia 18. Mwaka 2017 walikuwa 7, na 2022 walikuwa 8. Wastani huo unaficha mengi: mwaka ule wa 2017 Kigoma ilikuwa asilimia 24 wakati Arusha na Kilimanjaro hazikufika hata 1. Vipimo vya haraka vikapatikana, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema pima kwanza, mtoto na mkubwa. Mwongozo ukageuka. Lakini nani alirudi kwa yule mama kumweleza umegeuka kwa nini? Kwake, jana daktari alikuwa anampa dawa, leo anamnyima. Ana haki ya kuhisi amedhulumiwa.

Tulishafanya kosa hilohilo hapo awali. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kwa sababu vimelea vilikuwa sugu, ikaja dawa nyingine ya malaria, SP. Wazee mnakumbuka klorokwini ilivyokuwa inawasha, mtu anajikuna usiku kucha, lakini homa ilikuwa inashuka upesi. Ilishuka kwa sababu klorokwini yenyewe inapoza homa, hata pale ambapo imeshindwa kuua vimelea vyote. SP haina tabia hiyo. Watu wakameza, joto likabaki juu siku nzima, wakasema dawa hii feki. Walikuwa wameona vizuri kwa macho yao. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza walichokiona. Mpaka dawa mseto inachukua nafasi yake mwaka 2006, imani ilikuwa imeshachubuka.

Na leo? Kipimo cha malaria kikisema hakuna, gunia letu tunalijaza kitu kingine. "Huna malaria, una taifodi na UTI." Nani hapa hajawahi kuambiwa hivyo? Naona mikono. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana mitaani ni cha Widal, kilianza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili unaacha baada ya kupambana na bakteria wa aina hiyo au wanaofanana nao. Aliyeugua zamani anaweza kuonekana mgonjwa, aliyechanjwa vilevile, hata mwenye maambukizi mengine kabisa. Kusoma Widal mara moja na kumpa mtu sindano za siku saba ni sawa na kuona majivu jikoni ukasema nyumba inaungua. Njia ya uhakika ni kuotesha damu maabara. Inachukua siku na inataka vifaa, ndiyo sababu zahanati nyingi hazina. Hilo ni suala la bajeti, na bajeti inapangwa na watu tunaowachagua.

Nigusie mbu, maana mwenyekiti ameniomba. Jumamosi ya usafi tunafyeka majani, tunazibua mtaro, tunasema tunapambana na malaria. Usafi ni mzuri, fanyeni. Ila mbu wa maji machafu, wa makaro na vyoo vya shimo, ndiye huyu anayetupigia kelele usiku. Anaeneza matende na mabusha, malaria haenezi. Anofelesi, mbu wa malaria, anapenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua: dimbwi la mvua, alama ya tairi, maji yanayosimama katikati ya matuta ya matembele bonde la Msimbazi. Majani marefu hayazalishi mbu. Wa dengi ni mwingine tena, anazaa kwenye ndoo, pipa, tairi bovu, kifuu cha nazi, na anauma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Ndiye aliyetusumbua 2014 na 2019. Homa ya dengi ukiitibu kwa diklofenaki au aspirini unaongeza hatari ya kutokwa damu. Panado inatosha, na maji mengi. Kuanzia 2004 jiji hili lilikuwa na mradi uliotumia wakazi wenyewe wa mitaa kukagua madimbwi kila wiki na kuweka dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi wa mbu. Walijua kila dimbwi la mtaa wao. Fyekeo halihitaji ujuzi huo, na nadhani ndiyo maana tunalipenda.

Mama mwenye kitenge cha kijani, karibu.

Anauliza: mtoto akiwa na homa na kipimo hakionyeshi kitu, si bora apewe dawa zote kwa tahadhari? Na je, malaria haiwezi kujificha?

Mama, swali zuri. Vimelea hivi kweli hujibana kwenye mishipa midogo ya ndani ya mwili. Lakini kipimo hiki cha haraka hakitafuti kimelea, kinatafuta protini yake, na protini hiyo inatembea kwenye damu hata kimelea kikijibana. Inadumu hata wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo ukirudia kipimo hiki baada ya dozi, usishtuke kikionyesha bado. Ufuatiliaji ni wa hadubini. Na dawa zote kwa tahadhari zina gharama: kule Kagera, upande wa Rwanda, watafiti wameshakuta vimelea vyenye mabadiliko yanayovifanya visife haraka kwa artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto. Tukiipoteza hii hatuna nyingine nzuri kama hiyo.

Cha kufanya nyumbani ni kumtazama mtoto. Mvue nguo, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika pumzi 40, au wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, mrudishe hospitali. Kifua kikizama, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege, usingoje asubuhi. Homa ikiendelea siku mbili, mpimeni malaria tena. Na ukiambiwa hana malaria, uliza: sasa ana nini, na nirudi lini? Una haki ya majibu yote mawili.

Muuguzi ananionyesha saa. Tusome. Kijana, kilete hapa, kishike juu, wa nyuma waone. Mnaona mistari mingapi? Mmoja. Uko wapi? Kwenye C, maana yake kipimo chenyewe kizima. Kwenye T, mahali pa mstari wa malaria, ni peupe. Kipitisheni mkono kwa mkono, msiguse kishimo chenye damu.

Mimi sina malaria, huenda ni mafua makali. Nitakunywa maji, nitalala mapema, na joto likiwa juu keshokutwa nitapima tena. Nani mwingine ana swali?