Uwanja wa mita 3 kwa 4: nini kipandwe, nini kiachwe

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Tuchukue uwanja wa nyuma ya nyumba hapa Dar es Salaam: mita 3 kwa 4, ukuta wa mita 2 pande zote, udongo wa kichanga. Mtu akiupata, jambo la kwanza anakimbilia dukani kununua mbegu. Asubiri kidogo, atazame jua.

Chukueni vijiti. Saa 2 asubuhi, saa 6 na nusu mchana na saa 10 jioni, chomekeni kijiti pale kivuli cha ukuta kinapoishia. Mwezi wa Juni jua linapita kaskazini yetu, hivyo mchana ule ukuta wa kaskazini unatupa kivuli cha mita moja na ushee ndani ya uwanja. Desemba jua limehamia kusini, na kivuli cha ukuta wa kusini ni kama sentimita 60 tu. Bamia iliyopandwa Desemba chini ya ukuta wa kaskazini itaota vizuri, mwenyewe ufurahi. Ya Juni, mahali palepale, itarefuka kama fito na isizae. Bamia na pilipili zinataka jua kwa muda wa saa sita kila siku. Huko kwenye kivuli pelekeni tangawizi, manjano na mnanaa.

Udongo wa kichanga haushiki maji wala mbolea. Kila mita ya mraba itieni ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza. Iliyooza, nasisitiza: ukichimba ndani ya lundo ukakuta bado kuna joto, haijawa tayari, itaunguza mizizi. Matuta yawe mawili, upana mita 1 kila moja, na njia ya sentimita 40 katikati, ili mkono ufike kila mahali bila kukanyaga tuta.

Sasa mimea. Kwenye eneo dogo mimi napima mmea kwa kitu kimoja: utachumwa mara ngapi kabla ya kung'olewa? Kabichi inakaa miezi mitatu, unakata mara moja, basi. Matembele yanakulisha miezi na miezi. Kateni vipande vya shina vya sentimita 30, vyenye vifundo vitano au sita, mvilaze mshazari nusu yake ikiwa ardhini, sentimita 25 kati ya kimoja na kingine. Baada ya wiki tano au sita mnaanza kuchuma ncha, na mnarudi kila baada ya wiki mbili.

Mchicha unawahi zaidi, wiki tatu hadi nne. Mbegu zake ni ndogo mno, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: zinamwagika kwa mafungu, miche inabanana, inakuwa myembamba na kutoa maua mapema. Changanyeni nusu kijiko cha chai cha mbegu na konzi mbili za mchanga mkavu, mtawanye kwenye mita 2 za mraba, mfunike kwa udongo mwembamba sana. Sisimizi wakionekana wanabeba mbegu, tandazeni nyasi mpaka ziote. Masika ikipiga kwa nguvu msisie. Maji yatazikusanya zote kona moja. Mkivuna, msing'oe. Kateni sentimita 15 kutoka ardhini, utachipua tena.

Nyanya? Kwa pwani, tutani, sizishauri. Usiku wetu ukiwa wa joto maua yanapukutika, na udongo wa kichanga una minyoo fundo, minyoo midogo mno inayoingia kwenye mizizi: ukiung'oa mche uliodumaa unakuta mizizi ina vinundu kama shanga. Bamia nayo inashambuliwa, kwa hiyo isirudi tuta lilelile msimu unaofuata. Januari na Februari, geuzeni udongo muuache mtupu uchomwe na jua wiki tatu.

Mti mmoja unaruhusiwa: mpapai, kona yenye jua. Shimo la sentimita 60 kila upande, miche mitatu humo humo, kwa kuwa mche haujitambulishi jinsia. Maua yakitoka, baada ya miezi minne hadi sita, yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu ni ya dume, kateni huo. Ua nene lililokaa karibu na shina ndilo la kuzaa. Bakizeni mti mmoja. Mwarobaini na mwembe, hata mche ukitolewa bure, mpelekeeni mwenye shamba.

Mwisho ni maji ya kisima. Karibu na bahari mengi yana chumvi. Kingo za majani ya pilipili zikikauka na kuwa kahawia ilhali udongo una unyevu, shaka ya kwanza iwe chumvi, si ukame, na kuzidisha maji yaleyale kunazidisha ugonjwa. Pilipili hizo hamishieni kwenye ndoo zilizotobolewa chini, mzinyweshe maji ya mvua au ya bomba, na nafasi yake tutani muupe mchicha.